Ratili Mbili za Kikapu

Nilimchukia mtu mmoja kwa sababu ya ratili mbili za majani ya chai, na chuki hiyo ilinichukua miaka kuimaliza. Nasema hivyo bila aibu kwa kuwa sikuwa peke yangu. Wachumaji wote wa lile shamba kule Mufindi, tuliopanga foleni mbele ya banda lake saa sita mchana na tena jioni, tulimchukia. Tulimwita Karani wa Mizani. Jina lake la ubatizo lilikuwa kwenye karatasi za ofisini, lakini hakuna mchumaji aliyelitumia, na hata leo nikilitaja watu wa kule hawatajua namsema nani. Ukisema Karani wa Mizani watacheka kwanza, watamtukana kidogo, halafu watanyamaza. Kule kunyamaza ndiko nataka kukueleza.

Alikuwa mrefu, mwembamba, shingo imetoka kwenye ukosi wa koti la kaki kana kwamba anachungulia dirishani. Koti lenyewe lilikuwa na viraka kwenye viwiko, viraka alivyoshona mwenyewe kwa mishono midogo iliyonyooka kuliko ya fundi. Alitoka upande wa Mbeya, kule kwenye milima ya migomba, na hakutuacha tukasahau. Baridi ya Mufindi aliilalamikia kama vile sisi ndio tuliileta. Asubuhi ukungu ukiwa umekaa juu ya chai, sisi tumejifunga magunia kiunoni tusilowe, yeye alisimama mlangoni mwa banda anasugua mikono na kuuliza, "Hivi nyinyi watu mnaishije hapa? Ugali asubuhi, ugali jioni, na jua hakuna." Tulimwambia arudi kwao akale ndizi. Hakurudi.

Kazi yake ilikuwa hivi. Kwenye boriti ya banda ilining'inia mizani ya chuma yenye uso wa mviringo kama saa, na chini yake kulabu. Unashusha kikapu chako mgongoni, unakitundika kwenye kulabu, mshale unakimbia halafu unatulia. Karani anasogeza pua yake karibu, anasoma ratili, anatoa mbili za kikapu, anaandika zilizobaki. Mbili kila mara. Kikapu kikavu au kilicholowa mvua, kikubwa au kidogo, kipya au kilichotoboka, mbili. Ukibisha alikuwa na jibu moja tu.

"Kikapu ni kikapu."

Halafu anakwambia "Ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa, na anamwita wa nyuma yako. Hiyo asante ndiyo iliyotuudhi kupita kiasi. Mtu anakukata ratili mbili halafu anakushukuru!

Sisi wenyewe kwa wenyewe tuliamini anazila. Atazilaje, hatukujua, maana majani yote yaliingia kiwandani na yeye alikuwa na mshahara wake. Lakini mtu aliyechuma toka alfajiri, vidole vimekakamaa kwa umande, hataki kuelezwa habari za uzito wa fito na kamba. Anataka mtu wa kumlaumu, na Karani alikuwa pale kila siku, mrefu, rahisi kuonekana.

Halafu alikuwa mkono wa birika. Njiti za kiberiti alizipasua kwa wembe, moja ikawa mbili. Bahasha aliyoletewa aliigeuza ndani nje akaitumia tena. Kanisani alitoa thumuni moja kila Jumapili, na Jumapili moja alimfuata mzee wa kanisa mlangoni akamwomba risiti. Mzee wa kanisa alidhani ni utani akacheka. Karani hakucheka. Alisimama pale, kofia mkononi, mpaka mzee akaelewa kwamba mtu huyu anataka kweli kipande cha karatasi kinachosema Mungu amepokea thumuni.

Tulimhitaji hata hivyo, kwa kuwa ndiye aliyetuandikia barua. Nusu ya wanaume wetu walikuwa mbali, kwenye mkonge au migodini, na wake zao walimwendea Jumapili mchana na mayai. Bei ilikuwa yai moja kwa ukurasa. Hakupunguza, lakini pia hakutaka mtu apate hasara, kwa hiyo ukurasa usipojaa aliujaza mwenyewe kwa salamu. Jirani yangu mmoja alitaka kumwambia mumewe maneno machache tu, kwamba mama yake anaumwa na aje. Barua ilikwenda na salamu za mbuzi, za mchungaji, za mashamba ya mahindi yanavyoendelea, na za watu watatu ambao mume hakuwahi kuwasikia. Mume akajibu akiuliza hao ni akina nani.

Mwandiko wake lakini, hapana, hapo lazima nimpe haki yake. Mimi sikujua kusoma wakati ule, na bado niliweza kuutazama muda mrefu. Herufi zilikaa sawasawa kama miche kwenye kitalu. Alikuwa na kitambaa maalumu cha kufutia kalamu na hakuna siku niliyoona wino kwenye vidole vyake. Aliwadharau makarani wenzake waliochafuka. "Wino unakaa kwenye karatasi," alisema. "Kidole chenye wino ni cha mtu asiyejua kuandika." Alisema hivyo mbele yetu, sisi ambao kila mmoja alijiunga na kazi kwa kuchovya dole gumba.

Sasa nirudi kwenye ratili zangu mbili.

Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja na nilikuwa na mimba ya kwanza. Ilikuwa masika, na siku hiyo uchungu ulinianza nikiwa kwenye mistari ya juu, kabla ya saa sita. Sikujua kama ndio wenyewe. Niliteremka polepole na kikapu changu kisichojaa, kikapu kipya, kidogo, ambacho mama mkwe wangu alikuwa amenisukia ili kisiniumize mgongo. Nikakitundika. Karani akasoma, akatoa mbili.

"Karani, hiki ni kipya," nikamwambia. "Kitazame. Hakifiki ratili mbili."

"Kikapu ni kikapu. Ndaga. Mwingine!"

Mchana ule ule walinibeba kwa machela kwenda hospitali ya misheni. Zahanati yetu, iliyokuwa kwenye njia ya kwenda Igowole, ilikuwa na dresa mmoja wa kufunga vidonda na dawa yake, haikuwa na mahali pa kuzalia wala mkunga. Wanaume wanne walibeba, wanne walipokezana, mvua inanyesha, na tulipofika mtoni daraja la magogo lilikuwa limechukuliwa. Mtoto alizaliwa hapo kando ya mto, juu ya majani, chini ya blanketi lililoshikwa na mama mkwe wangu. Alikuwa wa kiume. Hakulia.

Najua ratili mbili za majani haziui mtoto. Nilijua hata wakati ule. Lakini mto huwezi kuuchukia ukaridhika, na mvua huwezi kuigombeza, na Mungu niliogopa. Karani niliweza kumchukia, na nikamchukia vizuri. Niliporudi kazini nilitundika kikapu bila kumsalimu na kukishusha bila kumtazama.  Naye alitoa mbili kama kawaida.

Baada ya lile jambo langu watu walisema imetosha. Si mimi wa kwanza kubebwa vile. Walifyatua matofali, wakajenga chumba cha wazazi pembeni ya zahanati, kuta nne na nafasi ya dirisha. Kazi ya mikono haikuwa taabu kwetu. Taabu ilikuwa mabati. Fundi alisema yanatakiwa thelathini. Tukachanga kila siku ya mshahara, huyu thumuni, yule shilingi, fedha akawa anakusanya mzee wa kanisa, na kufikia mwezi wa nane tulikuwa na bei ya mabati kumi na tano. Kumi na tano hayaezeki chumba cha thelathini. Tukazifunika kuta kwa nyasi na kuziombea, maana tofali bichi likipigwa na masika moja linarudi kuwa udongo. Na mimi nilikuwa na mimba tena, miezi minne, na nilihesabu kwa vidole: mtoto huyu naye atakuja na mvua. Nilikuwa ninapita pale kwenye zile kuta kila jioni. Sikuwa na la kufanya, nilizitazama tu, halafu nikaenda nyumbani na hofu yangu.

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, baada ya posho, Karani alipanda juu ya sanduku mbele ya banda lake. Hakuwahi kufanya hivyo. Tukasimama.

"Sikilizeni," alisema. "Kuna karatasi iko ofisini kwa Bwana Meneja, ukutani, chini ya kalenda. Ina miaka mitatu pale. Imetoka Ulaya kwa wenye kampuni. Inasema hivi: mfanyakazi wa shamba akitoa shilingi moja kwa jambo jema la watu wake, kampuni nayo itatoa shilingi moja. Akitoa thumuni, kampuni thumuni."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Karani, umelewa?"

"Miaka mitatu!" akapaza sauti. "Nyinyi mmetoa, kampuni imesema itatoa, na haikutoa kwa sababu hakuna aliyeiomba. Hiyo ni hasara!" Neno hilo hasara alilitamka kama mtu anayetaja ugonjwa wa mwanawe. "Mna mabati kumi na tano. Kampuni ina kumi na tano yenu. Yamelala ukutani!"

Baba mkwe wangu alikuwa pale. Alikata kuni za kiwanda, mtu mfupi, mpole, asiyeharakisha neno. Akauliza, "Na wao wanataka kitu gani?"

"Orodha. Jina la kila aliyetoa, kiasi chake, na sahihi. Asiyejua kuandika ataweka kidole. Iende kabla ya mwisho wa mwezi, vinginevyo mpaka mwaka mwingine."

Aliposema kidole, nikaona kundi zima linarudi nyuma hatua moja.

Hili mtu wa mbali hawezi kulielewa bila kuelezwa. Kwetu sisi kidole hakikuwa sahihi. Kidole kilikuwa mkataba. Ukiweka dole gumba kwenye karatasi, umejifunga kipande, siku thelathini za kazi, na ukiziacha njiani unatafutwa. Baba mkwe wangu mwenyewe, akiwa kijana, alikutana na mtu mmoja wa kuandikisha kazi aliyekuwa anagawa mablanketi. Akaambiwa aweke kidole kuonyesha amepokea blanketi. Akaweka. Wiki ya pili yuko kwenye lori, na blanketi lake, anakwenda mkongeni Tanga, na huko alikaa miaka miwili. Lile blanketi bado lilikuwa nyumbani kwetu. Hakuna aliyeruhusiwa kujifunika nalo.

"Hela tumeshatoa," alisema baba mkwe. "Kidole tutoe cha nini?"

Na mimi, kwa sababu nilikuwa nimejaa muda mrefu, nikapaza sauti kutoka nyuma. "Anataka vidole vyetu azile hizo hela kama anavyokula ratili!"

Watu wakaguna kukubali. Karani akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. Akaniangalia usoni, akaangalia tumbo langu, akashuka kwenye sanduku.

Siku zilizofuata alikaa bandani jioni baada ya kupima, orodha mezani, kibati cha wino kimefunguliwa pembeni. Hakuna aliyekwenda. Tulipita na vikapu vyetu vitupu tukitazama upande mwingine. Nilimwona anafunika kibati ili wino usikauke, halafu anakifunua akisikia miguu. Siku tano hivi.

Ya sita baba mkwe aliingia bandani. Sisi wengine tukasogea kuona.

"Kamwene, Karani," alimsalimu. "Mimi nimefikiri. Wewe umetoa ngapi kwenye yale mabati?"

"Shilingi mbili." Hilo hatukulijua. Nikakumbuka njiti zake za kiberiti.

"Basi na wewe umo kwenye orodha. Weka kidole."

"Mimi naandika, mzee. Mimi nitaweka sahihi."

"Hapana. Sahihi yako wewe unaijua mwenyewe. Kidole tunakijua sisi. Kama ni mkataba, nawe ufungwe, twende wote. Kama siyo mkataba, utaogopa nini?"

Karani alitazama mikono yake.  Watu karibu arobaini tulikuwa tumebanana mlangoni, wote tunajua alivyosema kuhusu vidole vyenye wino. Akavuta kibati. Akachovya dole gumba, akalikandamiza kwenye karatasi pembeni ya jina lake aliloliandika vizuri sana, akaliinua juu tulione. Lilikuwa jeusi mpaka kwenye kifundo, maana hakujua kuchovya, alizamisha lote.

"Haya," alisema. "Wa pili nani?"

Baba mkwe akaweka. Halafu mama mkwe. Halafu mstari ukajipanga wenyewe, kama wa mizani. Na mimi niliweka, siwezi kusema kwa moyo mweupe, niliweka kwa sababu ya tumbo langu. Kila mmoja alipomaliza aliambiwa "Ndaga," na mara hiyo moja haikutuudhi.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Lakini Jumatatu yake Karani alikuja mistarini, jambo ambalo hakufanya kamwe, viatu vyake vimelowa, orodha imekunjwa mkononi. Alisimama katikati ya chai akazungumza na mnyapara wetu, lakini kwa sauti ambayo sote tulisikia.

"Bwana Meneja anakataa," alisema. "Ameona karani mwenye sahihi ameweka kidole. Anasema kwa nini? Anasema vidole vyote arobaini ni vyangu. Eti nimekaa bandani nikajichovya mimi mwenyewe, nile hela ya kampuni."

Mnyapara akauliza, "Sasa?"

"Sasa anataka kuwaona watu. Kesho ndiyo mwisho."

Watu wakarudi kuchuma. Ofisi ya Meneja ilikuwa mahali pa kufukuzwa kazi, mtu haendi pale kwa hiari yake. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya chai, na nilipoinua kichwa niliona dole gumba lake. Alikuwa amelisugua kwa sabuni na labda kwa mchanga, ngozi imechubuka, lakini weusi bado ulikuwa kwenye mikunjo. Nikasikia tena alichosema Meneja, na nikatambua neno lile. Lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyelisema mbele ya watu, na mtu huyu alikuwa amelibeba tangu siku ile, na sasa amelikuta tena kwa mkubwa wake.

Nilishusha kikapu. "Mimi nakwenda," nikasema. "Kidole changu nakijua."

Tulikwenda wote, mpaka baba mkwe na shoka lake begani. Meneja alikuwa kijana wa Kiingereza mwenye uso mwekundu, si mtu mbaya, mtu wa haraka tu. Nikaingia wa kwanza, tumbo mbele.

"Wewe jina nani?" Nikamwambia. "Weka kidole hapa." Nikaweka kwenye karatasi nyeupe. Akakiweka pembeni ya kile cha kwenye orodha, akainama, akatazama kimoja, akatazama kingine. Akaniangalia. "Ni wewe," akasema, kama mtu aliyetegemea jambo jingine. "Nenda. Mwingine!"

Akaendelea hivyo. Kufikia wa kumi chai yake ilikuwa imepoa. Kufikia wa ishirini meza ilikuwa na alama za vidole, na kalamu, na kikombe. "Basi!" akasema. "Basi, naamini! Nipe hiyo karatasi nitie sahihi."

Karani alisimama pembeni ya mlango, kofia mkononi. "Bado ishirini, Bwana," alisema.

"Nimesema naamini!"

"Ndiyo, Bwana. Lakini wao bado hawajaaminiwa. Wamesimama nje."

Meneja akatazama dirishani, akaona mstari. Akakaa tena. Wote arobaini walipita.

Mabati yalikuja kwa lori lile lile la chai, thelathini, yamefungwa pamoja, huwezi kutofautisha yapi yetu na yapi ya kampuni. Wanaume waliezeka kwa siku mbili. Nyasi zikaondolewa juu ya kuta. Mvua ya kwanza ilipokuja mimi nilikuwa nimesimama ndani ya chumba kile kitupu, nasikiliza bati linavyopiga kelele, natazama juu kuona kama kuna tone. Hakukuwa na tone. Nilikaa chini kwenye sakafu nikalia kwa nafuu niliyoipata, na mama mkwe aliponikuta alinidhania ninaumwa.

Misheni ilituletea mkunga, mama wa Kibena asiyecheka ovyo. Faraja alizaliwa pale, adhuhuri, katikati ya mvua nzito. Alilia kabla hajamaliza kutoka. Nilimsikia juu ya kelele za bati, na nilimwambia mkunga, "Mwache alie, mama, usimnyamazishe." Akaniangalia kama kichaa, lakini alimwacha.

Jumapili yake Karani akaja. Alibeba kitu begani kilichofungwa gunia, na alikuwa anatazama nyuma. Alipofungua, ilikuwa mizani ya banda, mali ya kampuni, ameitoa bila ruhusa ya mtu.

"Mkunga anasema hana mizani," alisema. "Mtoto asiyepimwa utajuaje kama anakua?"

Akaitundika kwenye boriti mpya. Akaomba kikapu. Tukamlaza Faraja kwenye kikapu cha kuchumia kilichotandikwa kanga, tukakining'iniza kwenye kulabu, mshale ukakimbia, ukatulia. Karani akasogeza pua.

"Tisa na nusu," alisema. "Natoa mbili. Saba na nusu."

"Karani!" mama mkwe akapiga kelele. "Hata mtoto?"

"Kikapu ni kikapu."

Tulicheka mpaka mkunga akatufukuza. Nami nilicheka, mara ya kwanza mbele yake. Toka hapo alikuja kila Jumapili na gunia lake, akapima kila mtoto aliyezaliwa chumba kile, akawaandika kwenye daftari kwa ule mwandiko wake, na kila mmoja alikatwa mbili. Lakini nikuambie kweli, kilibaki kijiwe kimoja ndani yangu. Nilimshukuru, nilimheshimu, nilimpelekea hata ndizi kutoka sokoni. Lakini jioni nikitundika kikapu changu na kusikia "natoa mbili," nilirudi kando ya ule mto.

Halafu macho yake yakaanza kuchoka. Akaanza kuandika sita mahali pa nane, na shamba likamuaga. Hatukujua alikokwenda. Tulidhani amerudi kwao kwenye migomba.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini nilipokwenda Iringa mjini na Faraja, kumnunulia kitambaa cha sare. Sokoni, kwenye mlango wa duka la mnunuzi mmoja wa mahindi, niliona shingo ile. Alikaa kwenye kibao pembeni ya mizani kubwa ya magunia, ile ya jukwaa inayokaa chini, koti lile lile, viraka juu ya viraka. Kijana wa dukani alikuwa anamsomea namba, yeye anaziandika.

"Kamwene, Karani."

Akainua uso, akakunja macho. "Nani?"

"Mchumaji wako. Mkwe wa mzee wa kuni."

Akarudi kutazama karatasi yake. Nilidhani hanikumbuki, nikataka kumweleza zaidi.

"Kumi na moja," akasema.

"Kumi na moja nini?"

"Siku ile ya machela. Mizani ilisema kumi na moja, nikakuandikia tisa. Kikapu kilikuwa kipya. Hakikufika hata ratili moja, nilikiona. Lakini nilisema nikimpa huyu, wa nyuma naye atataka, na wa nyuma yake. Nikasema kikapu ni kikapu." Alikuwa anafuta kalamu kwa kile kitambaa chake, ingawa haikuwa na wino. "Kesho yake wakaja kuniambia mtoto. Niliitwa ofisini kupeleka kitabu cha ratili, na Meneja alikuwa anasoma kitabu chenyewe, na mimi sikutaka kukitazama. Nikatazama ukuta. Ndipo nilipoisoma ile karatasi. Miezi sita nilimwomba fomu ya ile orodha, dada. Miezi sita."

 Nilikuwa nimebeba kitu miaka yote hiyo, na kumbe tulikuwa wawili, kila mmoja kwenye ncha yake, kama machela. Nilihisi mabega yangu yanashuka. Nilitaka kumwambia nimekusamehe, lakini lilikuwa neno kubwa kwa mlango wa duka, na mahindi yanamwagwa pale. Nikamsogeza mtoto mbele.

"Huyu ndiye Faraja."

Akamgusa kichwani, akashuka mpaka mabegani, kama anavyofanya mtu asiyeona vizuri. "Mpandishe," akasema.

Faraja akasimama juu ya jukwaa la magunia na viatu vyake vipya, sweta, na kifurushi cha kitambaa mikononi, amenyooka kama askari. Karani alimkataza kijana wa dukani asisome. Akainama mwenyewe mpaka pua ikakaribia kugusa chuma, akasukuma kidude cha uzito taratibu, akakirudisha, akakisukuma tena.

"Thelathini na nane," alisema, akaandika kwenye kipande cha bahasha iliyogeuzwa, akanipa.

"Toa za viatu, Karani," nikamtania. "Toa na za sweta."

Akatikisa kichwa.

"Zote ni zake," alisema. "Leo hakuna kikapu."